Cherehani ya Hajji Nahimana

Spika ilipopiga filimbi katikati ya mahubiri, kanisa zima liliziba masikio. Mchungaji aliziba, kwaya iliziba, na mtoto mchanga aliyekuwa amelala mgongoni mwa mama yake aliamka akaangua kilio. Mtu mmoja tu alibaki amesimama mikono kifuani, uso umetulia kabisa, naye ni Muhire, fundi mitambo, yule yule aliyeajiriwa ili spika zisipige filimbi. Alipoona watu wote wamejishika vichwa, aligeuka nyuma kuangalia ni kitu gani kilichowatisha. Mzee wa kanisa mmoja alimpita mbio, akashusha kitufe, na filimbi ikakoma. Muhire hakujua kwamba ilikuwa imeanza.

Wiki hiyo hiyo mkewe Jolly alimpeleka hospitali ya Kibagabaga, Kigali. Walimfungia katika chumba kidogo, wakamvika vidude masikioni, wakampa kitufe cha kubonyeza kila atakaposikia mlio. Muhire akakaa, kidole tayari. Akangoja. Akaendelea kungoja kwa subira ya mtu aliyezoea mitambo inayochelewa kuwaka, hata daktari alipofungua mlango akamwambia wamemaliza.

Daktari alikuwa dada kijana mwenye sauti ya upole, bahati mbaya upole wenyewe ulimfikia Muhire nusu nusu. Alimwandikia kwenye karatasi kisha akamsomea huku akimtazama usoni. Sauti nyembamba zilikwishaondoka. Za katikati zilikuwa njiani kuzifuata. Wangempa kifaa, kingemsaidia kuongea na watu nyumbani na sokoni.

"Na muziki?" Muhire akauliza.

"Muziki, mzee, nisikudanganye. Labda mwaka huu. Mwakani sijui. Ni kazi gani ilikuharibu hivi?"

"Gitaa."

"La kanisani?"

"La hevi metal," akasema Muhire. Daktari akamtazama: mvi, shati lililopigwa pasi, Biblia ya mkewe juu ya meza. Akatabasamu, akidhani mzee anatania.

Jolly hakutabasamu. Miaka yote ile alikuwa akimnunulia pamba za masikioni, na miaka yote ile pamba hizo ziliishia kwenye kabati la dawa. "Sikio la kufa halisikii dawa, Papa Sangwa," alimwambia kwenye teksi, halafu akamshika mkono, hakuuachia mpaka wamefika nyumbani.

Usimwonee huruma kwa sababu ya kanisa. Mitambo ya kanisa ilikuwa ugali wake, na ugali mtu huupata mahali pengine. Kilichomkaa rohoni kilikuwa wimbo mmoja. Uliitwa "Sindano", ulikuwa na sehemu tatu, na sehemu ya tatu hawakuwahi kuipiga mpaka mwisho. Alikuwa amejiambia kwamba ipo siku. Sasa siku zenyewe zilikuwa zinamfungia mlango usoni, na alitaka kitu kimoja kabla haujafungwa: aupige "Sindano" mpaka tamati, pamoja na Shafiq. Si na mtu mwingine.

Ili umwelewe, lazima turudi nyuma kidogo.

Muhire alizaliwa ukimbizini Karagwe, akasomeshwa na mapadri Mwanza. Huko bruda mmoja Mholanzi aliporudi kwao aliacha gitaa la umeme jekundu na kaseti iliyobanduka karatasi, isiyo na jina la bendi wala la wimbo. Muhire aliiweka kwenye redio akategemea zaburi. Likatoka gitaa linalokoroma na kusaga, ngoma zinazokimbia mbele yake, na mtu anayenguruma mfano wa aliyebanwa na mlango. Wenzake wakakimbia kwenda kucheza mpira. Yeye akairudisha mwanzo. Alikuwa na miaka kumi na sita, na kwa mara ya kwanza alisikia kitu kilichokuwa kikubwa kuliko hasira yake.

Alirudi Rwanda, nchi ambayo hakuwahi kuiona, miaka miwili baada ya vita, akiwa na gitaa lile mgongoni na Kinyarwanda cha kuchekesha. Kila alipofungua mdomo mjini watu walitabasamu. Ndipo mtu akamwambia nenda mtaa wa Nyamirambo, kule Waislamu wa zamani wanaongea Kiswahili, hakuna atakayekucheka. Alikwenda, na walimcheka vile vile, kwa sababu Kiswahili chake kilinyooka mno. Lakini walimcheka wakimkaribisha chai.

Alikwenda kwenye kibaraza cha Hajji Nahimana kukunja suruali. Hajji alikuwa fundi wa kanzu na suti, mtu wa maneno machache, na kibarazani pake cherehani za miguu zilipangwa mstari, kila moja na fundi wake. Ile ya mwisho, nyeusi, nzito, yenye maandishi ya dhahabu yaliyofutika, ilikuwa ya Hajji mwenyewe, lakini siku hiyo alikuwa ameikalia mwanawe Shafiq. Mafundi wengine walikanyaga kwa miguu miwili pamoja. Shafiq alikanyaga mguu mmoja mmoja, kulia kushoto kulia kushoto, kasi ya mtu anayefukuzwa, na haikupungua wala kuongezeka. Suruali ya Muhire ilikwisha, akalipa, akabaki kwenye benchi anaitazama miguu ile.

"Nani amekufundisha kukanyaga hivyo?" akauliza mwishowe.

"Njaa," akajibu Shafiq bila kuinua kichwa.

Hivyo ndivyo bendi ilivyoanza. Ngoma za kupigwa kwa miguu miwili, ambazo vijana wa Ulaya huzitafuta miaka na miaka, Shafiq alikuwa nazo tayari tangu alipokuwa na urefu wa kufika kanyagio. Alichokosa ni ngoma zenyewe, na hizo walizipata baadaye, mbovu, za bendi ya harusi iliyovunjika. Wakampata na Silvère, kijana wa Gikongoro aliyejulikana kwa kughani ng'ombe harusini. Watu wa mahari wanapokuja, lazima atokee mtu wa kuwasifu ng'ombe kwa majina yao, pumzi moja, sauti imetoka chini kabisa ya tumbo, maneno yanamiminika hata bibi arusi anasahaulika. Muhire alipomsikia alijua kwamba yule mngurumaji wa kaseti amepatikana, na huyu wa kwetu alikuwa na pumzi ndefu zaidi.

Silvère alikuwa amebaki peke yake kwao. Hakulieleza hilo na hakuna aliyemuuliza. Jiji zima wakati ule lilikuwa likiongea chini chini, na yeye nje ya mazoezi alikuwa mkimya kuliko wote. Lakini alipofungua koo mbele ya spika, watu waliokuja kucheka walisimama wima, na wengine walitoka nje wakilia, halafu wakarudi ndani. Kila Aprili, mwezi wa kuwakumbuka waliouawa, alinyamaza, na wao wakanyamaza pamoja naye. Gitaa lilifungwa kwenye shuka mpaka yeye mwenyewe aseme lifunguliwe.

Waliiita bendi Amakoro, jina la yale mawe meusi ya volkano ya kule Musanze.

Sasa, hevi metal ni muziki wa makelele, na Kigali ni mji usiopenda makelele. Waliwasha amplifaya mara mbili tu, na mara zote mbili mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa, alikuja amevaa viatu vya mvua, ametulia, akiuliza nani amefariki. Ndipo walipobuni njia yao. Wakafanya mazoezi mchana, kibarazani, katikati ya cherehani, bila umeme. Gitaa la umeme lisipochomekwa halina sauti, linanong'ona tu, lakini Muhire aligundua kwamba ukiegemeza kichwa cha gitaa kwenye meza ya mbao, meza yote inaimba. Basi alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani ya Hajji, kichwa cha gitaa kimebanwa kwenye ubao wake, na Shafiq akakanyaga. Mlio wa cherehani uliingia kwenye gitaa, wa gitaa ukaingia kwenye cherehani, na mpita njia hakusikia kitu ila mafundi wanafanya kazi. Silvère alinguruma ndani ya rundo la vitambaa.

Hajji aliwavumilia. "Kelele za wenzenu zinaleta fujo," alisema, "zenu angalau zinaleta shati."

Siyo kila mara. Shafiq alikuwa akishona kweli, nguo za wateja kweli, na wimbo ukimkolea alisahau mikono. Miguu ikienda, sindano inakwenda. Ndiyo maana mpaka leo Nyamirambo kuna wazee wenye suti ambazo mifuko yake haifunguki. Mzee mmoja wa msikitini aliingiza mkono kutafuta tasbihi, mkono ukagoma mlangoni. Alirudi kwa Hajji akamwonyesha bila kusema neno. Hajji naye bila kusema neno alichukua wembe akafumua, halafu akamtandika Shafiq kofi moja la kisogoni, na Shafiq hakukosa pigo hata moja.

Walizunguka. Walipiga Kampala, Bujumbura, Nairobi, na Goma, juu ya lava yenyewe, mbele ya vijana wa Kikongo waliorukaruka mpaka vumbi jeusi likafunika jukwaa. Walivaa makoti ya jinzi nzito nyeusi, Shafiq aliyashona mwenyewe, mgongoni ametia vipande vya ngozi ya ng'ombe vyenye umbo la mlima. Mtangazaji mmoja wa televisheni aliwauliza kama wanamwabudu shetani. Shafiq akamwomba radhi, akasema maswali yafanywe haraka kidogo maana Magharibi imekaribia na bado hajatawadha. Muhire alicheka siku nzima. Ukimuuliza leo alikuwa na furaha wakati gani maishani, hatataja harusi yake mbele ya Jolly, lakini wakati wenyewe ni ule.

Halafu wakatunga "Sindano". Ilianza na cherehani peke yake, ikaingia gitaa, ikapanda, ikavunjika, na sehemu ya tatu ilikuwa mbio moja ndefu ya kurudi pale ilipoanza. Walipanga kuipiga Jumamosi mbele za watu. Alhamisi Hajji Nahimana akaanguka juu ya cherehani yake, mkanda wa kupimia ungali shingoni. Aliishi siku chache. Kitandani alimshika mwanawe mkono, akamwomba kitu kimoja, yeye ambaye hakuwahi kumwomba chochote: alitunze duka, aziache ngoma. Shafiq akasema nimekubali. Baba akafumba macho.

Ahadi ni deni, na hasa ukiwa mdai wako amelala kaburini. Shafiq aliziuza ngoma wiki ya arobaini. Muhire hakumlaumu. Alijaribu wapiga ngoma wengine: mmoja wa Kampala aliyechelewa kila pigo na kila miadi, mwingine aliyekuwa na kompyuta badala ya miguu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Silvère alirudi kwa ng'ombe wake, na Muhire akawa anapiga nyimbo laini kwenye ukumbi wa hoteli moja Nyarutarama, wageni wakila samaki, mpaka akachoka akaingia kwenye mitambo. Yeye na Shafiq walibaki ndugu. Idi alipelekewa pilau, Krismasi alipeleka keki. Waliongea habari za watoto, mvua na bei ya vitambaa. Juu ya muziki hawakuongea kabisa, miaka kumi na mitatu.

Baada ya hospitali Muhire alikwenda kwa Shafiq. Alimkuta dukani na binti yake Shakira. Duka lilikuwa limebadilika: cherehani za umeme, vioo, taa nyeupe. Shakira ndiye aliyekuwa akishona zaidi, na mikono yake ilikuwa myepesi. Cherehani ya Hajji ilikaa pembeni, imefunikwa kitambaa cha kijani, juu yake wameweka chungu cha maua.

Muhire hakusema habari za masikio. Alikuwa na kiburi, na kiburi cha mzee ni kibaya kuliko cha kijana. Alisema tu kwamba angependa waipige "Sindano", mara moja, popote, hata chumbani.

Shafiq aliendelea kupiga chaki kwenye kitambaa. "Muhire, sha. Nilimwahidi mzee."

"Najua."

"Sasa kama unajua, kwa nini unaniuliza? Ukiniuliza inaniuma."

Hilo alilisema akiwa ameinama, Muhire hakulisikia. Aliona tu mdomo unacheza na kichwa kinatikisika, akaelewa. Alikunywa chai yake, akaaga. Alipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka nyumbani, na upepo wote ule haukuwa na sauti.

Ilipita miezi miwili. Mbayuwayu wa paani walimpotea, kisha mlio wa sufuria ya chai, kisha sauti ya binti yake Sangwa kwenye simu. Jioni moja alichukua lile gitaa jekundu, akalipiga bila umeme, akatazama vidole vyake vikifanya kazi yote kwa usahihi, na kilichomfikia kilikuwa kidogo mno. Akajikuta analichukia. Hilo lilimtisha kuliko uziwi. Asubuhi alimwambia Jolly kwamba hawezi kulala chumba kimoja na kitu kile, atalipeleka kwa Shafiq likae huko moja kwa moja.

Jolly hakubishana. Aliingia kabatini akatoka na koti la Amakoro. "Basi na hili lipeleke. Kila mwaka unalivaa siku ya kuzaliwa kwako na kila mwaka linakubana. Aliongeze kiunoni, na mkono wa kushoto bitana imechanika. Kama unaliacha gitaa, koti angalau ulivae."

Kwa hiyo Jumatano moja Muhire alishuka Nyamirambo, gitaa mgongoni, koti mkononi, moyo mzito. Shakira alimwona kwanza. "Tonton, karibu," alisema, akamvutia kiti. Muhire aliliweka gitaa juu ya meza ya kukatia, kwa uangalifu, kana kwamba analilaza.

"Nimekuletea," alimwambia Shafiq. "Litunze wewe. Mimi sina kazi nalo tena."

"Mbona hivyo?"

Muhire alikuwa anatazama gitaa, hakujua ameulizwa. Shafiq akarudia, kwa sauti zaidi, kisha akatazama upande wa masikio ya mwenzake, akaona kile kifaa kidogo rangi ya ngozi kimejificha nyuma ya mvi. Akazunguka meza, akasimama mbele yake uso kwa uso.

"Tangu lini?"

"Kitambo. Daktari anasema mwakani muziki utakuwa umekwisha."

"Siku ile ulikuja hapa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukanyamaza. Weye Mutanzania, iko na kichwa ngumu kama jiwe yetu ile." Macho yalimlowa Shafiq, akayapangusa kwa mkanda wa kupimia. Halafu, kwa kuwa fundi akikosa la kufanya hushika nguo, akalichukua lile koti, akaligeuza ndani nje, akavuta mishono. "Nani alishona hii?"

"Wewe."

"Alikuwa anajua kazi."

Alilipeleka kwenye cherehani ya umeme ya Shakira. Sindano iliingia kwenye jinzi, ikagonga ngozi, ikakatika. Shakira akatia nyingine, nayo ikakatika. "Baba, hii koti inakula sindano," alisema. "Hii mashine yangu haitaiweza."

Shafiq alisimama na koti mkononi. Hapo dukani kulikuwa na cherehani moja tu iliyowahi kuiweza nguo ile, na wote watatu walijua ni ipi. Akaondoa chungu cha maua, akampa Shakira. Akakunja kile kitambaa cha kijani mara mbili, akakiweka juu ya rafu. Alipuliza vumbi, akatia mafuta tone tone, akafunga mkanda wa ngozi kwenye gurudumu, akatunga uzi mnene mweusi. Kisha akavua viatu, maana hakuwahi kuikanyaga ile na viatu.

Akaanza kushona kiuno. Alishona taratibu, miguu miwili pamoja, kama mafundi wote. Muhire aliketi kwenye kigoda anamtazama, hasikii kitu, anafikiri habari za kupata moto wa kurudi. Kiuno kikaisha. Shafiq akauingiza mkono wa koti chini ya sindano, akatulia kidogo, mikono imeshika nguo, macho ukutani.

Mguu wa kulia ukaenda. Wa kushoto ukafuata. Kulia, kushoto, kulia, kushoto.

Muhire aliliona kabla hajaliamini. Hakuhitaji masikio kuijua miguu ile, maana alikuwa ameitazama miaka mingi kuliko alivyoutazama uso wa mtu yeyote. Ulikuwa mwanzo wa "Sindano". Aliinuka, akalitoa gitaa mezani, akasogeza kigoda kando ya cherehani pale pale palipokuwa pake, akakibana kichwa cha gitaa kwenye ubao.

Mtikisiko ukaja. Ulipanda kwenye mti wa gitaa, ukamwingia kifuani na kwenye taya, mzito, hauna upungufu hata kidogo. Miaka yote ile aliamini kwamba muziki ulikuwa unapita masikioni. Akaingia na gitaa mahali pake, hakuchelewa.

Shakira alizima mashine yake. Kwa mtu aliyekuwa barabarani hakukuwa na kitu cha kusikiliza: fundi mzee anakanyaga cherehani, na mzee mwingine ameinamia gitaa linalonong'ona. Walipita sehemu ya kwanza. Walipita ya pili, ile ya kuvunjika, wakavunjika pamoja wakasimama pamoja. Wakaingia ya tatu, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia, na Shafiq akaanza kunguruma kwa chini, pale pa Silvère, kwa kuwa lazima mtu angurume. Jasho lilimtoka. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na magoti mabaya. Hakupunguza.

Walifika pale ilipoanzia, wakasimama.

Muhire alibaki ameegemea ubao, akingoja mtikisiko wa mwisho uishe mwilini mwake. Alikuwa analia na hakuficha. Shafiq alihema, mikono yote juu ya koti, akamgeukia ili midomo ionekane vizuri.

"Nilimwahidi mzee sitapiga ngoma," alisema. "Hii siyo ngoma. Hii ni kazi yake."

Muhire akatikisa kichwa, ndiyo.

Shakira ndiye aliyelivuta koti kutoka chini ya sindano. Alilitazama, akamtazama baba yake, akafumba mdomo kwa kiganja. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshonwa wote, kutoka kiwiko mpaka kwenye kifungo, mistari juu ya mistari, uzi mweusi umebana kitambaa na kitambaa mpaka mkono umekuwa mgumu kama ubao. Pale sehemu ya tatu ilipokimbia, mistari ilikuwa imepandiana isihesabike.

"Baba. Umefunga mkono wa watu."

Shafiq aliukamata, akaupindua huku na huku. Pasingekuwa na heshima ya marehemu, mtu angesema kofi lilitua kisogoni pake, maana aliinamisha kichwa kabisa. Halafu akaanza kucheka. Muhire alilichukua koti akalivaa. Kiunoni lilikaa vizuri. Mkono wa kulia ukapita. Wa kushoto ukaingia mpaka kwenye kiwiko ukagoma mlangoni, akasimama katikati ya duka na nusu ya mkono imening'inia, naye akacheka mpaka ikabidi akae.

"Vua," alisema Shafiq. "Nitaifumua."

"Sasa hivi?"

"Oya, hapana. Hii siyo kazi ya siku moja. Nitafumua polepole, halafu itabidi nishone tena. Uje Jumatano."

Muhire akalivua, akamkabidhi. Akatazama saa, na kwa mazoea ya maisha yake yote akanyoosha mkono kuliokota gitaa alitie mgongoni. Shafiq akaliwahi, akaliegemeza kwenye cherehani ya baba yake, kichwa kimegusa ubao.

"Gitari iache hapa," alisema, polepole, ili Muhire asikose hata neno. "Si ulisema umeniletea? Jumatano utaikuta hapa hapa."